Mada Yako Ipo Mlangoni Pako

Mwalimu wa Kiswahili ameandika ubaoni: wiki ijayo kila mwanafunzi atatoa hotuba ya dakika tano ya kuwaarifu wenzake jambo, na mada ajichagulie mwenyewe. Darasa linanyamaza. Wangepewa mada wangelalamika kidogo, kisha wangeandika. Kuachiwa wachague ndiko kunakowakosesha usingizi. Jioni hiyo madaftari yanajaa majina yale yale: Umuhimu wa Elimu. Athari za Dawa za Kulevya. Usafi wa Mazingira. Ukimwi. Maji ni Uhai.

Nimekaa nyuma ya madarasa nikisikiliza hotuba hizo, na kila mara inaniuma. Anasimama kijana mwenye akili kali na sauti safi, anawaeleza wenzake mambo waliyoyajua tangu shule ya msingi, naye anajua kwamba wanayajua. Anasema elimu ni ufunguo wa maisha. Nani darasani humo alikuwa hajasikia? Mada zenyewe hazina ubaya. Ukimwi umeua watu wetu, na dawa za kulevya zinaharibu vijana tunaowafahamu kwa majina. Kinachoniuma ni kwamba kijana huyo huyo, asubuhi ile ile, amevuka Mto Nile akija shuleni, au amefungua dirisha la bweni akatazamana na mwamba wa Wanale na maji yanayoshuka kutoka juu yake, na hakuwaza hata dakika moja kwamba hapo pana hotuba.

Basi nasema nawe unayesoma Jinja, na wewe unayesoma Mbale. Acha kwenda mbali. Umekaa juu ya hazina ya mambo ambayo watu husafiri kwa ndege kuja kuyaona, kuyapima na kuyaandikia vitabu. Ya kuyasema unayo tayari. Kilichobaki ni kuyatazama.

Tuanze Jinja. Mwanafunzi wa Jinja akihimizwa achague jambo la nyumbani, mara moja anasema: Chanzo cha Mto Nile. Vizuri, tumesogea hatua moja. Ila hilo ni jina la mahali, mada bado. Ukisimama ukasema kwamba Nile unatoka Jinja, una urefu wa zaidi ya kilomita 6,600, unapita Sudan Kusini na Sudan hadi Misri, na kwamba John Hanning Speke alifika hapo mwaka 1862, utakuwa umetusomea kibao cha watalii. Sasa uliza kitu. Speke alipofika Julai ile alisimama mbele ya maporomoko, akayapa jina la Ripon. Wewe ukipanda mashua leo pale chanzoni utaona maji yanayotiririka na mawe machache. Maporomoko yenyewe huyaoni. Yalikwenda wapi?

Umeona kilichotokea? Mto ni ule ule, lakini sasa kuna swali, na darasa zima linataka jibu. Wenzako wamepigwa picha mahali hapo, wamesoma jina Ripon kwenye kitabu cha historia, na hawakuwahi kujiuliza maporomoko yako wapi. Jibu lenyewe unalipita ukienda Njeru: bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi tunaliita Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Maji yalipanda nyuma ya ukuta ule yakayafunika maporomoko. Umeme unaowasha taa ya bwenini kwako ulilipiwa kwa kitu ambacho kizazi cha babu zako kilikiona na wewe hutakiona kamwe. Hiyo ni hotuba.

Usiishie hapo, shuka hatua nyingine. Bwawa lilipokuwa bado kwenye karatasi, Uingereza ilibidi ikubaliane na Misri. Mwaka 1949 nchi hizo mbili ziliandikiana, na sehemu ya makubaliano ilikuwa kwamba mhandisi wa Misri akae Jinja na kufuatilia kiasi cha maji kinachopita bwawani. Mhandisi wa Misri, Jinja! Kwa nini nchi iliyoko maelfu ya kilomita kaskazini iweke mtu wake hapa, mahali unaponunua chapati? Kwa sababu maji yanayopita mlango ule ndiyo yanayoanza safari ya kwenda kwao. Likawekwa sharti kwamba bwawa lipitishe maji kwa kiasi kile kile ambacho Ziwa Viktoria lingepitisha lenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Mwanafunzi wa kidato cha pili akisimama akauliza, "Mhandisi wa Misri alikuwa anafanya nini Jinja?" naahidi kwamba hata yule anayesinzia nyuma atainua kichwa.

Hivyo ndivyo mada inavyochongwa. Kutoka Mto Nile ukaja bwawa, kutoka bwawa ukamfikia mtu mmoja na kazi yake. Kila hatua ulipunguza ukubwa, na kila hatua hotuba ikanona. Vijana wengi huogopa kupunguza. Wanadhani mada ndogo itawaishia katikati, wabaki wamesimama kimya mbele ya darasa. Hofu hiyo ina kichwa chini miguu juu. Dakika tano za kusema ni kurasa mbili tatu za daftari. Anayetaka kutuarifu kuhusu Mto Nile wote, au uchumi wa Uganda, au afya ya jamii, anataka kubeba Wanale kwa karai. Atachota kijiko hapa na kijiko pale, na hakuna tutakachoshika. Aliyechagua jambo dogo ndiye anayepata nafasi ya kulieleza mpaka likaeleweka.

Jinja haijaisha, ndugu yangu. Panda boda uende Masese asubuhi, mitumbwi inapotoka ziwani. Utaona mputa, utaona ngege, utaona mukene wameanikwa juani. Kisha muulize mvuvi mzee: nkejje wako wapi? Vile visamaki vidogo vilikuwa vya aina mamia, na nyingi hazikuwa zikipatikana kwingine kokote duniani. Katika miaka ya 1950 mputa aliletwa katika Ziwa Viktoria, akaongezeka, akawala, na katika miaka ya 1980 aina nyingi za nkejje zikatoweka. Samaki yule yule aliyejenga viwanda na kupeleka minofu Ulaya ndiye aliyemaliza samaki wengine. Je, ulijua kwamba utafiti wa samaki wa Afrika Mashariki nzima ulikuwa na makao yake Jinja tangu mwaka 1947? Taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi bado ipo hapo mjini kwenu. Kuna mtoto duniani angefurahi kuwa na taasisi kama hiyo karibu na nyumbani. Wewe unayo, na unaandika kuhusu dubu wa Aktiki.

Au gugu maji. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likatanda hadi mitumbwi ikashindwa kutoka na bwawa lenyewe likasumbuliwa. Watu walilivuta kwa mikono, serikali ikaleta mashine, na katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wakaachilia fukusi, wadudu wadogo walioletwa kwa kuwa chakula chao ni mmea huo. Baada ya miaka michache gugu likapungua sana. Hapa mwanafunzi mwangalifu ataongeza kwamba wapo wataalamu wanaosema mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 nazo zilichangia. Ukilisema hilo hotuba yako haidhoofiki, inapata heshima. Kazi yako ni kutuarifu, na anayearifu kwa uaminifu husema pia pale ambapo wajuzi hawajakubaliana.

Na miwa ya Kakira, ile mnayochomoa kwenye lori linapopunguza mwendo? Kiwanda cha Muljibhai Madhvani kilianza kusaga mwaka 1930. Makapi yanayobaki baada ya sukari kukamuliwa huchomwa, moshi wake ukawa mvuke wa kuzungusha mitambo, na umeme unaozidi mahitaji ya kiwanda huuzwa kwenye gridi ya taifa. Samahani, nilirukia: si moshi, ni joto la moto ule linalochemsha maji. Tofauti hiyo ndogo ndiyo utakayoulizwa na mwenzako anayependa fizikia, kwa hiyo ijue kabla hujasimama.

Sasa twende Mbale. Kutoka Jinja unapita Iganga, unakata kwenye barabara ya Tirinyi, unavuka bonde la Mpologoma na mashamba yake ya mpunga, na kabla hujafika Kamonkoli mlima umeshajitokeza mbele yako. Masaba. Kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Mwanafunzi wa Mbale amelala chini ya mlima huo miaka yote, na hotuba anayoandaa inahusu Mlima Everest. Hapana. Tafadhali, hapana.

Kwenu kuna kahawa. Chama cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, na arabika ya mlima huu inajulikana kwa jina lake katika masoko ya nje. Lakini tusirudi kwenye mada pana ya Umuhimu wa Kahawa katika Uchumi wa Taifa. Chukua siku moja ya kahawa. Shangazi yako amechuma buni nyekundu, amezimwaga kwenye ndoo ya maji. Baadhi zinazama, baadhi zinaelea. Zinazoelea anaziengua kwa kiganja na kuziweka kando, kwa sababu zimeliwa na wadudu au hazikujaa. Zilizozama zinaingia kwenye mashine ya kumenyea, ile ya kuzungushwa kwa mkono, ganda jekundu linatoka upande huu na punje zinatoka upande ule zikiwa na utelezi wa asali. Zinalazwa usiku kucha au zaidi zichache, ule utelezi uachie, kisha zinaoshwa na kupelekwa kwenye kichanja cha waya zikauke, huku mtu akizigeuzageuza na kutoa mbovu moja moja. Weka mkono ndani ya ndoo hiyo. Nusa. Kisha njoo darasani utuulize: kwa nini buni mbaya zinaelea, na kwa nini hazimenywi tu na kuanikwa siku ile ile? Mwanafunzi aliyezungusha mashine ile akiwa na miaka minane ana mamlaka juu ya jambo hili kumshinda mwalimu wake. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakiona haya kusema kwamba kwao wanamenya kahawa, kana kwamba ni siri ya umaskini. Kijana wangu, binti yangu, huo ni ujuzi. Simama nao.

Tena Mbale ina jambo ambalo madaktari wa nchi za mbali wamelisoma, na wanafunzi wengi wa mjini hawajalisikia. Kuna watoto ambao, tangu kuzaliwa au baada ya kuugua, kichwa chao hujaa maji na kukua kupita kiasi. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kupachika mrija unaotoa maji hayo kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija huziba. Mtoto wa mjini Ulaya mrija ukiziba anafikishwa hospitali saa ile ile. Wa kijiji cha mlimani, barabara ikiwa imekatwa na mvua, anaweza kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, daktari wa upasuaji Benjamin Warf na wenzake waliunganisha njia mbili: kutoboa kinjia kipya cha maji ndani ya ubongo, na kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Watoto wengi wakapona bila mrija. Mbinu hiyo ikatoka Mbale kwenda kufundishwa nchi nyingine, Marekani ikiwemo, na mwaka 2012 Warf akapewa tuzo ya MacArthur. Tumezoea kuambiwa kwamba maarifa yanatoka huko yanakuja huku. Haya yalitoka hapa yakaenda huko, na sababu ni ile barabara mbovu unayoijua wewe.

Na bado kuna utafiti wa dripu. Watoto 3,141 waliofikishwa hospitali mahututi wakiwa na homa kali na damu isiyofika vizuri mwilini walifuatiliwa Uganda, Kenya na Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbale ikiwa miongoni mwa vituo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na yakawashtua madaktari duniani: waliopewa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi ya wasiopewa hivyo, karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, wakilinganishwa na 7 katika kila 100. Mada kali kabisa. Lakini sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo ninapoona uzito wa kazi hii ya kuarifu. Watoto wenye ugonjwa wa kuhara hawakuhusishwa katika utafiti huo. Ukisimama darasani ukasema "dripu inaua watoto" na kuishia hapo, mwenzako mmoja akaenda nyumbani akamwambia mama yake, na mdogo wake akaanza kuhara wiki hiyo, umefanya nini? Mada nzuri inakudai usome mpaka mwisho. Kama huna muda wa kusoma mpaka mwisho, chukua kahawa, uiache dripu kwa atakayeweza.

Ninajua unachosubiri nikitaje: imbalu, tohara ya Bamasaaba. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, ngoma zinaanza Mutoto, na Mbale yote inatetemeka. Mwanafunzi wa Mbale atasema, "Hiyo kila mtu anaijua." Kweli, ukiwaeleza Bamasaaba wenzako imbalu ni nini utawachosha. Waambie wasichokijua. Nani anatengeneza kengele zinazofungwa mapajani, na chuma chake kinatoka wapi? Ngozi ya ngoma inawambwaje ili isipasuke kwa siku zote zile? Mtafute fundi mmoja, ukae kwake mchana mzima, na utakuwa na hotuba ambayo hata wazee wangeisikiliza. Yapo pia ya ndani yasiyo ya kusimuliwa mbele ya kila mtu. Muulize mjomba au babu kabla hujaandika lolote. Kunyamazia lisilopaswa kusemwa nako ni sehemu ya kuchagua.

Hali kadhalika maporomoko ya ardhi. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulishuka juu ya Nametsi, Bududa, ukafukia watu na nyumba zao, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Kiryandongo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya Mbale. Darasani kwako huenda ameketi mtu aliyempoteza mama katika moja ya siku hizo. Ukichagua mada hii, usije kutusimulia maiti. Tueleze udongo: kwa nini mteremko mkali, mvua ya siku nyingi, miti iliyokatwa na kilima kilichochimbwa ili kupata kiwanja cha nyumba vikikutana, ardhi huanza kuteleza, na ni dalili gani zinazotangulia, kama nyufa zinazojitokeza upande wa juu wa shamba. Hotuba ya namna hiyo inaweza kumwokoa mtu. Ya kuliza watu tumezisikia za kutosha.

Lakini si kila lililo karibu ni jipya kwa wanaokusikiliza, na hilo lazima ulipime. Hotuba ya kahawa ambayo Mbale inahitaji kuchongwa sana, ukienda nayo Jinja kwa mtoto wa mvuvi inamshangaza tangu sentensi ya kwanza. Mhandisi wa Misri akisimuliwa Nabumali au Nyondo, mbali na mto, ni mgeni kabisa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama umehamia, kama baba yako askari au mwalimu amekuhamisha kutoka Jinja ukaletwa Mbale, usijione umepungukiwa. Unaona vitu ambavyo wenyeji wamezoea kuvipita. Na kama hujawahi kutoka, mwombe mwenzako mgeni akutajie kitu kimoja cha mtaa wenu kilichomshangaza siku ya kwanza. Mara nyingi hapo pana mada.

Kisha nenda ukaulize watu. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu vijana wetu wakisikia neno utafiti wanakimbilia simu. Simu itakupa kile kile itakachompa kila mtu. Bibi anayeuza mukene Masese hatampa kila mtu alichokupa wewe. Nenda kwa adabu. Msalimie kwa lugha yake, kodheyo akiwa Musoga, mulembe akiwa Mumasaaba, na umngoje amalize kumhudumia mteja. Mwambie unasoma shule gani na unatafuta nini. Usimrekodi bila kumwomba. Uliza ilianzaje, inafanywaje, ni kipi kinakosewa na wanaoanza. Watu wazima wana kiu ya kuulizwa habari za kazi yao. Utashangaa atakavyoacha mizani akuoneshe kwa mikono. Baada ya hapo fungua kitabu au simu uhakikishe tarehe na tarakimu, maana kumbukumbu ya mtu huteleza, na pale zinapopingana, useme darasani kwamba zinapingana.

Sasa kuna hofu ambayo wengi hawaisemi: "Kiswahili changu ni kibovu." Nakuelewa. Jinja na Mbale tumekua na Kisoga, Kimasaaba, Kiganda na Kiingereza, na Kiswahili kwa wengi wetu kilikuwa lugha ya askari na ya wasafiri wa malori. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ukakifanya cha lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima kuanzia shule ya msingi. Wewe ni kizazi cha kwanza kinachotakiwa kusimama Uganda nzima na kukisema darasani. Si jambo dogo, na ninajivunia kukiona kizazi hicho.

Na hapa ndipo mada ya karibu inapokuokoa. Aliyechagua Utandawazi na Changamoto Zake atalazimika kukariri maneno asiyoweza kuyagusa, na akisahau moja, sentensi nzima imekufa mdomoni. Aliyechagua kahawa anahitaji kuchuma, kuelea, kuzama, kumenya, kuosha, kuanika. Akisahau neno, mkono wake unaonesha, na darasa litamtajia. Chagua kitu ambacho ungeweza kukieleza hata kama ungenyang'anywa karatasi. Ukilitafuta neno la Kiswahili la kitu unachokijua kwa vidole, neno hilo halitakutoka maishani. Kokwa, utelezi, kichanja, mlango wa bwawa, nanga, wavu: kila mada inakuja na mzigo wake wa maneno, na katika dakika tano unaweza kulipa darasa zima maneno kumi ambayo kitabu cha kiada hakikuwapa.

Kuna na wale watakaoniambia mwalimu wao anapenda mada kubwa, zenye jina zito. Sikubali haraka. Walimu wanasikiliza hotuba arobaini kwa wiki. Mpelekee mwalimu sentensi moja: "Nataka kueleza kwa nini maporomoko ya Ripon hayaonekani tena." Mtazame usoni. Amechoka na Maji ni Uhai kuliko wewe. Na ukipata mwalimu anayeng'ang'ania jina zito, andika jina analolitaka juu ya karatasi, kisha ndani yake umweleze buni inayoelea. Mazingira? Fukusi wa gugu maji. Afya? Mtoto aliyepona bila mrija. Historia? Mhandisi wa Misri. Jina zito ni kofia tu, ivae.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Tumelelewa kwenye mahubiri na kampeni, kwa hiyo tukishika kipaza sauti tunaanza kuwaambia watu wafanye nini. "Hivyo ndugu zangu, tupande miti." Hotuba ya kuarifu haikuagizi utuhimize. Inakuagiza utuoneshe jambo lilivyo na linavyofanya kazi, halafu utuache na akili zetu. Darasa likishaelewa namna udongo unavyoteleza, litapanda miti bila kuamriwa, au litauliza maswali ambayo wewe hukuyafikiria, na hayo maswali ni ushindi mkubwa kuliko makofi.

Basi leo, kabla ya kulala, usiandike hotuba. Andika sentensi moja yenye alama ya kuuliza mwishoni, kuhusu kitu unachoweza kukifikia kwa miguu au kwa boda ya bei nafuu. Kesho wasomee watu watatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa darasani, mmoja usiyemfahamu vizuri, labda kondakta wa taksi au mama wa kantini. Usiwaeleze chochote zaidi, wasomee tu. Wakisema "nzuri" na kuendelea na mambo yao, ifute utafute nyingine, na usisikitike, siku bado zipo. Lakini mmoja wao akisimamisha anachofanya na kukuuliza, "Hivi kweli, ilikuwaje?", kimbia ukachukue daftari, na Jumamosi asubuhi uwe Masese.